Nilianzia Mwisho: Nilivyomfundisha Wifi Yangu Dini

Wifi yangu aliletwa Mikindani mwezi wa tano, masika yakiishia, na kwa wiki 3 nzima sikumwambia hata neno moja kuhusu Mwenyezi Mungu. Mengine yote nilimwambia. Chooni unaingia na mguu wa kushoto, unatoka na wa kulia. Rangi ya kucha inazuia maji ya udhu. Mbwa akilamba chombo kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kichwa kisikae wazi mbele ya mashemeji. Mkono wa kulia wa kulia chakula, wa kushoto una kazi zake. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli, na kila nilipomaliza moja nilijiona nimetimiza wajibu.

Yeye ni wa Ndanda, amezaliwa na kukulia katika nyumba ya Kikristo, karibu na misheni ya Wabenediktini. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mjomba wake. Kaka yangu alimkuta huko katika safari zake za korosho. Kabla ya ndoa alisilimu kwa hiari yake, akatamka shahada mbele ya wazee, kisha akaja kuishi nasi. Mama akanikabidhi: "Wewe ndiye mwenye chuo, mfundishe mwenzio." Nafundisha watoto Kurani barazani kwetu kila alasiri, mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo niliona kazi hiyo ni ndogo. Mtu mzima mmoja, tena msikivu, atanishinda vipi?

Jioni moja tulikuwa ukumbini tunachagua mchele. Akauweka ungo chini.

"Wifi, nisamehe nikisema. Nilipokuwa mwali niliwekwa ndani, nikaambiwa miko mpaka kichwa kikajaa. Hapa naona nimeingia ndani tena. Lakini mimi sikusilimu kwa ajili ya miko. Nilisema hapana mola ila Allah, na Muhammad ni mtume wake. Hao wawili ndio hamjanieleza. Huyo Muhammad alikuwa nani? Alianzaje?"

Nikajibu papo hapo, kwa sauti ile ile ya watoto wangu wa chuoni: alizaliwa Makka, baba yake Abdullah, mama yake Amina, mlezi wake Halima. Nikamaliza pumzi na majina. Akawa bado ananitazama, anasubiri nianze. Kila Mfungo Sita nasoma maulidi na machozi yananitoka kwa ile sauti, lakini siku ile niligundua kwamba sijawahi kumkalisha mtu chini nikamsimulia maisha ya Mtume (s.a.w.) kama unavyosimulia habari za mtu unayempenda.

Kesho yake nikaenda kwa maalimu aliyenifundisha mimi. Macho yake yamefifia sasa, anakaa barazani mchana kutwa na tasbihi yake. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakunijibu kwa hotuba. Akanihoji kama mtoto wa chuo.

"Mtume alilingania Makka miaka mingapi?"

"13."

"Na Madina?"

"10."

"Swala tano zilifaradhishwa lini?"

"Usiku wa Miraji, Mtume alipopandishwa mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya Makka."

"Saumu ya Ramadhani?"

"Mwaka wa 2 wa Hijra."

"Na hija ilikuja baadaye zaidi. Sasa maswahaba walipewa miaka 23, wifi yako umempa wiki 3. Tena umeanzia kwenye choo."

Halafu akanikumbusha maneno ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, yaliyomo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, ambayo nilikuwa nimeyasoma nikayapita: kwamba sura za mwanzo kushuka zilitaja Pepo na Moto, na watu walipokwisha tulia katika Uislamu ndipo ikashuka halali na haramu. Lau jambo la kwanza kushuka lingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema hatuiachi pombe kamwe. Akanikumbusha pia Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen. Mtume alimpa utaratibu: waite kwanza kwenye shahada, wakikubali, waambie swala tano, wakikubali, waambie zaka. Kila hatua inangoja iliyotangulia ikubaliwe.

"Na Jibrili," akasema, "alipokuja kuwafundisha maswahaba dini yao, alifanyaje?"

Hadithi hiyo naijua kwa moyo. Sayyidna Umar anasimulia kwamba alitokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, hana dalili ya safari wala hakuna anayemjua, akakaa magoti yake yakigusana na ya Mtume, akauliza: Uislamu ni nini? Imani ni nini? Ihsani ni nini?

"Aliuliza," nikasema.

"Basi mwache wifi yako aulize."

Tukaanza upya usiku ule ule. Kati ya magharibi na isha, swali moja, mara nyingine mawili.

Nilianza na Makka yenyewe, mji wa jangwani usio na mto wala shamba, uliokuwa unaishi kwa biashara na kwa wageni wa Kaaba. Nyumba ile waliijenga Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili kwa ajili ya Mungu mmoja, lakini baada ya karne nyingi ilikuwa imezungukwa na masanamu 360. Humo, karibu na mwaka 570, ndipo alipozaliwa mtoto ambaye baba yake alikuwa ameshafariki. Akiwa na miaka 6 akafiwa na mama. Akiwa na 8 akafiwa na babu aliyekuwa anamlea. Akachukuliwa na ami yake, Abu Talib.

"Kwetu angechukuliwa na mjomba," wifi akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Kumbe alikuwa kama mimi."

Pale ndipo nilipojua tumefika mahali. Sikuharakisha. Nikamweleza alivyochunga mbuzi na kondoo, alivyosafiri na misafara hadi Sham, upande wa Syria, watu walivyomwita Al-Amin, mwaminifu, wakimwekea amana zao. Alivyomfanyia biashara Bibi Khadija, mjane mwenye mali, na ni Khadija aliyepeleka posa. Hilo lilimfurahisha sana, akataka nilirudie.

Habari ya pango la Hira tuliisimulia siku 4, na hata leo ningeisimulia kwa siku hizo hizo 4. Mtume ana miaka 40. Ni Ramadhani, mwaka 610. Amezoea kupanda Jabal Nur peke yake kukaa kwa ibada, mbali na masanamu. Malaika anamjia, anamwambia: Soma. Anajibu: mimi si mwenye kusoma. Malaika anamkumbatia kwa nguvu mpaka pumzi inambana, mara 3, kisha zinashuka zile aya za mwanzo za Suratul Alaq: soma kwa jina la Mola wako aliyeumba. Anateremka mlimani moyo unamwenda mbio, anafika kwa mkewe anasema: nifunikeni, nifunikeni.

"Aliogopa?"

"Aliogopa. Alimwambia Khadija, naihofia nafsi yangu."

Nilikuwa nikiipita sehemu hiyo haraka kwa watoto, kana kwamba inampunguzia heshima. Wifi ndiye aliyenifanya niione. Alisema mtu anayetunga jambo lake hashuki mlimani akitetemeka akaomba shuka.

Khadija naye hakumwambia nenda kwa mganga. Alimwambia kwamba Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe, kwa sababu anaunga udugu, anabeba mzigo wa mnyonge, anampa asiye nacho, anamkirimu mgeni. Wakati huo hakuna swala tano, hakuna saumu, hakuna zaka. Ushahidi wa Khadija ni tabia. Nimefundisha miaka yote hiyo na sikuwahi kuwasimamisha wanafunzi wangu hapo.

Kisha Khadija akamchukua mumewe wakaenda kwa Waraqa bin Naufal, binamu yake, mzee kipofu aliyekuwa Mkristo na mjuzi wa vitabu vya zamani. Waraqa aliposikia akasema huyo ni yule yule aliyemjia Musa, na akatamani angekuwa kijana siku watu wa Makka watakapomfukuza Mtume. Wifi alikaa wima. Mtu wa kwanza nje ya nyumba ile kumsadiki alikuwa Mkristo! Nikamwambia ngoja, bado Habasha.

Miaka 5 hivi baada ya Hira, Makuraishi, kabila kubwa la Makka, walipozidi kuwatesa wanyonge, Mtume aliwaruhusu baadhi ya wafuasi wake wavuke bahari wakimbilie Habasha, upande wa Ethiopia ya leo, kwa Najashi, mfalme Mkristo asiyemdhulumu mtu. Bilali, mtumwa mwenye asili ya huko huko Habasha, alibaki Makka na kulazwa juani na jiwe kifuani huku akitamka "Ahad, Ahad", Mmoja, Mmoja. Bibi Sumayya aliuawa, akawa shahidi wa kwanza. Waliovuka walifuatwa na wajumbe wa Makka wakitaka warudishwe. Najashi akawaita wote, kila upande ujieleze. Jafari bin Abi Talib akamsomea aya za Sura Maryam, za kuzaliwa kwa Isa, na Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa. Hakuwarudisha.

"Kwa hiyo hijra ya kwanza ilikuwa ya kuja Afrika," wifi akasema.

"Ndiyo. Madina ilikuja mwaka 622, baadaye."

Nitasema kweli kuhusu sehemu iliyokuwa ngumu. Ilipofika zamu ya tauhidi, imani ya Mungu mmoja, nilimfundisha Suratul Ikhlas, aya 4 tu, ambayo imepokewa kwamba ilishuka kwa sababu ya swali pia: washirikina walimtaka Mtume awaeleze nasaba ya Mola wake. Sema, Yeye Mwenyezi Mungu ni Mmoja. Mwenyezi Mungu ndiye mkusudiwa. Hakuzaa wala hakuzaliwa. Wala hana anayefanana naye. Nikamweleza kwamba sisi tunamwamini Isa mwana wa Maryam, aliyezaliwa bila baba, mtume mtukufu mwenye miujiza, na kwamba hatusemi ni mwana wa Mungu. Sikulainisha. Wifi hakuuliza kitu siku 2. Siku ya tatu akaniambia kilichokuwa kinamsumbua, na hakikuwa nilichodhani. Bibi mmoja wa mtaani alimwambia kwamba sasa amekuwa Mwislamu, mama yake wa Ndanda si wake tena.

Niliumia. Nikamfungulia Suratu Luqman palepale, nikamsomea tafsiri: wazazi wakikushikilia umshirikishe Mwenyezi Mungu, usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Nikamsimulia Asma binti Abubakar, ambaye mama yake alimjia Madina akiwa bado mshirikina. Asma akamwuliza Mtume: je, niunge udugu na mama yangu? Akajibiwa ndiyo, muunge. Wifi alilia, kisha akampigia mama yake simu usiku ule. Maneno kama yale ya yule bibi yanatolewa kwa jina la dini kila siku, na anayeyapokea hana pa kuyapima.

Baada ya hapo nguzo 6 za imani zilikwenda vizuri. Malaika, vitabu, mitume na Siku ya Mwisho alikuwa navyo karibu vyote tangu kwao. Ilibaki kumweleza kwamba Taurati, Zaburi na Injili tunaziamini kuwa ziliteremshwa, na Kurani ndiyo ya mwisho, sura 114. Kadari ndiyo iliyomkwaza. Kama yote yameandikwa, tunahangaika nini? Mama yangu ndiye aliyemjibu, hata si mimi. Alimwonyesha ngalawa pale ghubani: "Mvuvi anaifunga kwanza, ndipo anasema tawakaltu, namtegemea Mungu." Na Mtume alimwambia hivyo hivyo mwenye ngamia: mfunge, kisha utawakali.

Swala alijifunza kwa maana kwanza. Kila aya ya Fatiha niliyompa Kiarabu, nilimpa na Kiswahili chake, ajue anazungumza na nani. Aliuliza kwa nini tunaelekea baharini. Hapa kwetu kibla ni kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa Makka na Mtwara ziko karibu katika mstari mmoja, na ghuba ya Mikindani iko upande huo. Nikamweleza kwamba hata Waislamu wa mwanzo hawakuelekea Kaaba tangu siku ya kwanza Madina. Waliswali miezi 16 au 17 kuelekea Baitul Maqdis, Yerusalemu, ndipo amri ya kugeuka ikashuka.

Saumu haikumsumbua. Alikuwa amefunga Kwaresma tangu utotoni, alichoshangaa ni daku. Hija niliipitisha haraka, kwa anayeweza, mara moja katika umri. Zaka tuliijadili kwa muda mrefu, kwa sababu kaka yangu alikuwa amepokea pesa za korosho na wifi alitaka kujua hesabu: pesa zikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na zikapitiwa na mwaka, zinatolewa asilimia 2.5. Akauliza kuna tofauti gani na sadaka. Sadaka unatoa kwa moyo wako. Zaka si yako tangu mwanzo, ni haki ya wengine iliyokuwa imekaa mfukoni mwako, na Kurani imewataja wenyewe kwa mafungu 8.

Likaja swali la uraka, pombe ya mabibo. Mjomba wake anautengeneza kila msimu wa mabibo, na kukataa kikombe cha mjomba kwao ni kosa. Hapo nilimweleza jinsi pombe ilivyokatazwa: kwanza aya iliyosema madhara yake ni makubwa kuliko faida yake, kisha ile ya kutokaribia swala mkiwa mmelewa, mwisho ile ya Suratul Maida iliyokata kabisa, na watu wakaimwaga mpaka ikatiririka katika njia za Madina. Kwetu leo hukumu ni ile ya mwisho, nilimwambia wazi. Lakini watu wale walikuwa wameshampenda Mola wao kwa miaka mingi kabla ya kuambiwa mwageni. Alipokwenda Ndanda alimpigia mjomba magoti, akamwambia atakula naye kila kitu isipokuwa hicho. Mzee alikunja uso, kisha akaagiza aletewe uji.

Mwaka huo tulialikwa harusi Kilwa Masoko. Tulipofika tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani, nikampeleka kwenye Msikiti Mkuu, ambao mwanzo wake ni karne ya 11. Nguzo na kuba bado zimesimama, na mihrabu inatazama kaskazini kama yetu. Nilimwambia habari za Ibn Battuta, aliyefika hapo mwaka 1331 akitokea Moroko kwa safari ndefu, akamkuta Sultani Hassan bin Sulaiman aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Ameandika kwamba sultani alikuwa akitoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa hatibu, akabadili nguo, akampa. Wifi aligusa ukuta wa matumbawe, akasema, "Huyu alikuwa amemsikiliza Khadija."

Msimu wa korosho uliofuata mama yake alikuja kututembelea, na mfuko wa mbaazi na kuku wawili. Usiku, baada ya isha, walikaa ukumbini, mimi nikiwa jikoni nakuna nazi kwa ajili ya kesho. Nikasikia mama anauliza: "Haya, na huyo Muhammad wenu alianzaje?"

Sikusikia miguu ya chooni wala rangi ya kucha. Nilisikia mlima, na giza la pango, na mtu anashuka anatetemeka. Alisimulia polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, akirudia maneno ya Khadija moja moja kwa kuyahesabu vidoleni. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Alipofika kwa yule mzee kipofu Mkristo alisema Waraqa alikuwa mjomba wake Khadija.

Si mjomba, ni binamu. Nikafungua mdomo. Kisha nikasikia mama yake anasema, "Enhe, alikuwa mjomba? Halafu akasemaje?" nikaurudisha mkono kwenye mbuzi, nikaendelea kukuna.